Zebaki ya Geita na Dhima ya Mnunuzi wa Dhahabu

Amma baad. Tumeulizwa na ndugu wa mwambao: je, dhahabu tuwanunuliayo wake zetu na binti zetu, tuna dhima gani juu ya madhara yawapatayo wenyeji wa huko itokako?

Kwanza ijulikane itokavyo. Huko Geita, na Kahama katika Shinyanga, wachimbaji wadogo husaga mawe, wakaosha unga wake, kisha wakauchanganya na zebaki, nayo hushikamana na dhahabu ikawa donge. Donge huchomwa motoni. Zebaki ikapaa, dhahabu ikabaki. Kila gramu ya dhahabu hula zebaki gramu moja au zaidi. Aghalabu huchomwa uani, karibu na meko, na watoto wapo. Mvuke wake hauna harufu, nao huharibu mishipa ya fahamu na mafigo, na kwa mama mja mzito humfikia aliye tumboni.

Sasa tazama, ewe msomaji. Ulaya, kipimajoto cha homa chenye zebaki yapata gramu moja kilikatazwa kuuziwa watu tangu 2009, mtoto asije akakivunja. Lakini kuiuza zebaki yenyewe ng'ambo hakukukatazwa hata Machi 2011; na Marekani, hata 2013. Na madhara yake walikwisha kuyajua. Mtoto wao alilindwa na gramu moja; mtoto wa Msukuma hakufikiriwa. Sisemi kila mfanyabiashara alimchukia mtu mweusi. Ubaguzi hauhitaji chuki. Watosha kuwasahau daima watu wale wale. Na miongoni mwetu pia wako wamwitao mtu wa bara kwa jina la dharau, kisha wakaipima dhahabu yake kwa sonara.

Husemwa: mchimbaji hakulazimishwa, zebaki ameinunua mwenyewe. Twajibu: ridhaa ya mwenye dhiki ni pungufu, na aliye tumboni hakuridhia kitu.

Mafakihi wamekubaliana kwamba madhara yapasa kuondolewa, na twaona aanze mwenye uwezo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Geita lina soko la dhahabu tangu 2019. Na chombo cha kuchomea kilichofunikwa, kiurudishao mvuke ukawa zebaki tena, si cha thamani kubwa. Wenye kusimamia soko waweza kumwuliza muuzaji amechomaje. Mnunuzi wa Mombasa au Unguja hawezi, kwani dhahabu ikishayeyushwa haina alama ya ilikotoka. Basi kununua kwake hatukuoni kuwa haramu. Bali kumwuliza sonara, na kumtaka naye amwulize aliyemwuzia, ni juu yake, maana hilo analiweza.