Kata na Siri ya Mtungi

Wahenga walinena kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii aghalabu hutumiwa kueleza kwamba mambo ya ndani huyajua aliye ndani. Hata hivyo, imebeba pia swali ambalo si wengi huliuliza: je, kata ina ruhusa ya kuyasema iliyoyaona? Kata haikuingia mtungini kwa upelelezi, iliingia kuteka maji. Ujuzi wake umezaliwa na utumishi wake.

Swali hilo limepata uzito mpya nchini Marekani. Huko, kampuni za simu, umeme, maji, gesi na televisheni ya kulipia zimeunda jumuiya ya kupashana habari za malipo ya wateja wao. Jumuiya hiyo huitwa National Consumer Telecom & Utilities Exchange, na kumbukumbu zake hutunzwa na kampuni ya Equifax ya mjini Atlanta. Anayeomba simu leo huweza kupimwa kwa namna alivyolipia umeme jana: alilipa kwa wakati, alichelewa, au alihama akaacha deni. Mwenye sifa mbaya huweza kutakiwa kuweka dhamana ya fedha kwanza.

Si haki kuilaumu jumuiya hiyo kabla ya kuisikiliza. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kulikimbia deni lake humtwisha jirani, kwani hasara ya kampuni hurudi katika bei wanayolipa wote. Tena wapo mafukara na wageni ambao hawajapata kukopa benki, hivyo hawana jina mbele ya wakopeshaji. Kwao, miaka mingi ya kulipia taa bila kukosa yaweza kuwa ushahidi wa uaminifu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 nayo humpa kila mtu haki ya kuliona faili lake na kupinga kosa lililomo, na kwa kawaida hairuhusu deni baya liendelee kutajwa baada ya miaka 7. Hadi hapo, kata husema na kata wenzake, juu ya jambo lile lile la huduma na malipo.

Lakini neno likishatoka halichagui masikio. Mwezi wa Februari 2021, gazeti la Washington Post lilifichua kwamba maafisa wa uhamiaji wa Marekani walikuwa wakiwasaka watu kwa kutumia CLEAR, hifadhi ya taarifa ya kampuni ya Thomson Reuters, iliyokuwa na kumbukumbu za wateja wa kampuni zaidi ya 80 za huduma. Majina na anwani hizo zilipitia Equifax. Mtu alitaja makazi yake ili apate mwanga wa kuwasomeshea wanawe usiku, na anwani ile ile ikawa njia ya kumfikia mlangoni. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, Seneta Ron Wyden alitangaza kwamba jumuiya ile imekubali kusitisha uuzaji huo.

La kuzingatiwa ni kwamba katika kisa hiki hakuna aliyesema uongo. Anwani zilikuwa za kweli na majina yalikuwa ya kweli. Ila ukweli wa neno hauhalalishi kulipeleka popote, kwani hata umbea mara nyingi huwa kweli. Amana ni kitu pamoja na sharti lake. Aliyewekewa pete akamwazima mwingine hakuiba wala hakuiharibu, na bado amevunja amana.

Watetezi watajibu kwamba mteja aliridhia, kwa kuwa alitia saini. Ridhaa, hata hivyo, humhitaji mtu mwenye uwezo wa kukataa. Mkopo mtu aweza kuukataa akalala na dhiki yake, maji hawezi. Kadiri haja inavyokuwa kubwa, ndivyo saini inavyopungua uzito, na ndivyo mzigo wa kutunza siri unavyomwelemea zaidi aliyeipokea.

Wakazi wa Afrika Mashariki nao hawako mbali na mizani hiyo. Nchini Kenya, tangu mwaka 2012, mkopo wa M-Shwari umekuwa ukipimwa kwa mwenendo wa mteja katika simu yake. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Zote mbili zinataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisitumiwe kinyume cha lengo hilo. Hiyo ndiyo hukumu ya amana, iliyokuwa ikijulikana majumbani kabla haijaandikwa bungeni.

Kata basi na iseme pale haki ya maji inapohitaji isemwe, na mwenye mtungi ajue imesema nini na kwa nani. Zaidi ya hapo, iliyoyaona ndani si mali yake.