Nafsi Hupimwa Sokoni

Wapendwa, juma hili naomba tujifunze kwa watu ambao hatusali nao. Nawazungumzia Wajaini. Wengi wao hapa Kenya ni wa jamii ya Oshwal, ambao wazee wao walitoka vijiji vya karibu na Jamnagar, huko Gujarat, wakaanza kuteremka Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, kisha wakafungua maduka bara. Hekalu lao la Mombasa lilijengwa mwaka 1963. Ni watu wa biashara tangu jadi, na ndiyo sababu nimeona wana neno kwa Busia na Malaba, miji ya mpakani inayokula kwa biashara.

Imani yao si yetu. Hawamkiri Mungu Muumba kama tunavyomkiri. Kwao nafsi hujiinua yenyewe kwa imani sahihi, maarifa sahihi na mwenendo sahihi. Mimi nahubiri neema, wala sitaificha tofauti hiyo. Lakini katika hilo la tatu, mwenendo, wamechimba kwa kina kuliko wengi wetu tunaoimba kila Jumapili.

Wanafundisha kwamba tendo, neno na hata wazo huvuta kwenye nafsi chembe laini wanazoziita karma. Chembe hizo zisingeganda kama si hasira, kiburi, hila na tamaa. Mkazi wa Malaba analielewa hili upesi: vumbi la malori likitua kwenye nguo kavu hukung'utwa likatoka, likitua palipolowa mafuta linakuwa doa. Basi kazi ya mwamini ni kuzuia uchafu mpya usiingie, na kuuondoa wa zamani kwa kufunga, kujinyima na kutubu. Nafsi ikitakata kabisa, hupanda juu na kuwa huru.

Kiapo chao cha kwanza ni kutodhuru kiumbe chochote. Wako wasiokula viazi wala vitunguu, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea na vijidudu vya udongoni. Sitawaambia muache viazi. Ila kuku tunaowaning'iniza vichwa chini kwenye usukani wa baiskeli, jua la saa saba, kutoka kijijini hadi sokoni, nao wana pumzi waliyopewa na Mungu.

Kiapo ninachotaka tukikalie ni cha kutoiba. Mwanachuoni Umasvati wa India, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, aliandika kitabu kiitwacho Tattvartha Sutra, ambacho madhehebu makuu yote ya Wajaini yanakikubali. Alipofika kwenye wizi hakuishia kwa anayevunja mlango usiku. Alimhesabu pia anayemchochea mwizi, anayenunua mali iliyoibwa, anayefanya biashara kwa kukiuka sheria za dola, anayepunja kwenye vipimo, na anayeuza kitu bandia kana kwamba ni halisi. Hakuwahi kuiona Busia, na bado ametutaja karibu sote.

Kwani ile gorogoro iliyobonyezwa kitako ndani ni ya nani? Mama anayenunua mahindi anahesabu kilo mbili, watoto wanakula pungufu, na muuzaji anasema Mungu amembariki. Sukari iliyovuka kwa njia za panya inamiminwa kwenye magunia mengine yenye jina lisilo lake. Simu inauzwa nusu ya bei upande huu kwa sababu imeibwa upande ule, na mnunuzi haulizi kwa makusudi. Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa namna hii, waliongoja Sabato iishe ili wapunguze kipimo.

Najua mtaniambia: Mchungaji, njaa haingoji karatasi. Nawajua akina mama wanaovuka na omena, mayai na ndizi, na sitawaweka kundi moja na mwenye malori ya magendo. Lakini kwa bidhaa zilizoorodheshwa za Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, upo utaratibu rahisi wa cheti cha asili ya bidhaa, na kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Ulizeni, mpite barabarani mchana, mkiwa mmeinua vichwa. Na wewe ofisa unayemkalisha mama juani mpaka atoe kitu kidogo, dhambi yake ya kupita vichakani umeibeba naye. Naamini yako ni nzito zaidi, kwa sababu yeye alisukumwa na njaa.

Kila mwaka Wajaini wa Oshwal wana siku nane za mfungo na kujichunguza, ziitwazo Paryushan. Siku ya mwisho kila mmoja huwaomba msamaha ndugu, majirani na washirika wa biashara kwa alilowakosea, kwa kujua au kwa kutojua. Yesu naye alituagiza tuiache sadaka madhabahuni, tukapatane kwanza na ndugu. Sisi tunaitoa sadaka kwanza, na ndugu tunamwahidi kesho. Zakayo, mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne kile alichodhulumu, na Bwana akasema wokovu umefika nyumbani mwake siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nawaomba neno moja kabla ya Jumapili. Mwenye gorogoro iliyobonyezwa anunue nyingine, na ile ya zamani aitoboe isitumike tena. Anayemjua mteja aliyempunja amfuate, hata kama yuko ng'ambo upande wa Uganda, amrudishie. Asiye na cha kurudisha aende aombe radhi kwa mdomo wake. Sadaka yenu tutaipokea mkishatoka huko.