Nafsi, Jirani na Maji ya Uluguru

Bismillahir-Rahmanir-Rahim

Ndugu msomaji, wako watu wenye elimu wanaotuuliza swali hili, nao huliuliza kwa nia njema: Ikiwa binadamu amepewa akili, na akili yamwonyesha kwamba kusaidiana kuna faida, dini ni ya nini tena? Je, haitoshi kila mtu aijue faida yake mwenyewe, na jamii itatengenea yenyewe? Swali hili halistahili kujibiwa kwa hasira, wala kwa kumwambia muulizaji kwamba amekwisha kufuru. Nasi tutalijibu kwa kuitazama milima ambayo wakazi wa Morogoro huiona kila asubuhi wafunguapo milango yao.

Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600, hupokea mvua ziletwazo na pepo za Bahari ya Hindi. Misitu yake huyanywa maji hayo na kuyaachia polepole. Hushuka mto Morogoro upitao mjini. Hushuka vijito vya Ngerengere vinavyolijaza bwawa la Mindu. Hushuka Mgeta na mito mingine inayoufanya mto Ruvu, ambao mitambo ya Ruvu Juu, iliyojengwa mwaka 1959, na ya Ruvu Chini, ya mwaka 1976, huuchota kwa ajili ya Dar es Salaam. Basi afunguaye bomba lake Magomeni huenda anakunywa maji yaliyopita kando ya shamba la Mluguru ambaye hajapata kumwona, wala hatamwona.

Sasa tuseme wakulima wawili wana mashamba yaliyopakana kandokando ya kijito kimoja. Kila mmoja aweza kuuacha ukingo na miti yake, kama sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka kwa kiasi cha mita 60, au aweza kuufyeka na kulima mpaka majini. Wote wawili wakiuacha, kijito hakikauki, na kila mmoja avuna magunia 8. Mmoja akifyeka na mwenzake akiacha, aliyefyeka avuna 10 na yule mwema avuna 3. Wote wakifyeka, kila mmoja apata 4. Hebu sasa mkulima wa kwanza apige hesabu usiku kitandani. “Jirani yangu akiuacha ukingo, nami nikifyeka, napata 10 badala ya 8. Jirani akifyeka, nami nikifyeka, napata 4 badala ya 3. Kwa vyovyote vile, kufyeka ndiko kwenye faida.” Na upande wa pili wa kijito jirani naye yu macho, apiga hesabu iyo hiyo. Asubuhi wote wawili wanatoka na mapanga, nao mwisho wa mwaka wavuna magunia 4 kila mmoja, hali wangeweza kuvuna 8. Hakuna mpumbavu kati yao. Kila mmoja ametumia akili yake sawasawa, na akili hiyo imewafilisi wote wawili.

Hesabu hii si yangu. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Marekani, Merrill Flood na Melvin Dresher, waliitunga katika elimu iitwayo nadharia ya michezo, na mwenzao Albert Tucker akaivisha hadithi ya wafungwa wawili wanaohojiwa mbalimbali, kila mmoja akishawishiwa amsaliti mwenzake. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake; lililoongezwa na wataalamu hawa ni kuonyesha kwa tarakimu kwamba kila mmoja akivutia kwake, ngozi yapasuka.

Elimu hiyo haikuishia hapo, na yatupasa tuitendee haki. Karibu na mwaka 1980, Robert Axelrod aliwaalika wataalamu wapeleke programu za kompyuta zishindane katika mchezo huo huo, si mara moja, bali mara nyingi mfululizo. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: ilianza kwa wema, kisha kila mara ikamlipa mwenzake kama alivyotenda. Nipe nikupe. Kwa hiyo hata mtu mwenye kuitazama nafsi yake tu hujifunza wema, mradi ajue kwamba atakutana na jirani yake kesho na keshokutwa. Ndiyo maana watu wa kijiji kimoja hulimiana kwa zamu, na mvivu wa kwa jirani hubaki na shamba lake lenye magugu.

Lakini sharti lenyewe umelisikia: mpaka wakutane tena. Wataalamu hao hao waonyesha kwamba wachezaji wakiijua raundi ya mwisho, basi katika raundi ile kila mmoja atamsaliti mwenzake, kwa kuwa hakuna kesho ya kulipizana. Na kwa kuwa hilo lajulikana, usaliti utaanza katika raundi iliyotangulia, na iliyotangulia hiyo, mpaka wa kwanza. Je, mkulima wa Matombo na mnywaji wa Magomeni watakutana lini? Na sisi tulio hai tutakutana lini na mtoto atakayezaliwa miaka sitini ijayo, ambaye atayakuta maji au atalikuta korongo kavu? Hapo nipe nikupe hunyamaza.

Wengine husema: Basi serikali na itumie nguvu. Jambo hilo lilijaribiwa Uluguru. Mwaka 1950, mwaka ule ule wa hesabu ya wafungwa wawili, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianza mpango wa matumizi ya ardhi, ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko, na asiyechimba alitozwa faini. Nia ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji haikuwa mbaya. Lakini mahali pengi uchimbaji uliufukua udongo wa chini usio na rutuba. Na ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, hurithiwa upande wa mama, basi mtu alimaye shamba la ukoo wa wengine aliona anachimbishwa kazi ya miaka mingi katika ardhi isiyo yake. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kwa ghasia, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Kurani Tukufu yafundisha kwamba hakuna kulazimisha katika dini (2:257, kwa hesabu inayoihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza). Nami naona kwamba Mungu asipoikubali hata ibada Yake mwenyewe itolewe kwa kiboko, bwana shamba hawezi kutazamia zaidi.

Katika miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yalianza mpango mwingine huko Kibungo, katika bonde la Ruvu: mkulima alilipwa kwa kujenga matuta na kupanda miti, na shirika la maji la Dar es Salaam likawa miongoni mwa waliotoa fedha. Angalia, ndugu msomaji: matuta yale yale yaliyomwaga damu mwaka 1955, sasa yajengwa kwa hiari! Tofauti ni kwamba safari hii aliye chini alimtambua aliye juu.

Hapa twafika kwenye jibu letu. Kurani Tukufu (16:91) yaamrisha mambo matatu kwa utaratibu: adili, yaani uadilifu, kisha ihsani, kisha kutoa kama mtu ampavyo jamaa yake wa damu. Seyyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwezi Desemba 1896, aliifafanua aya hii kuwa ni ngazi tatu. Adili ni kulipa wema kwa wema. Ihsani ni kuanza wema kwa asiyekutendea lolote. Lakini hata mwenye ihsani hushikwa na udhaifu: huukumbuka wema wake, hungoja shukrani, na siku ya ugomvi humsimanga aliyemsaidia. Ngazi ya tatu haina hesabu hiyo. Ni kama mama anavyomnyonyesha mtoto wake, naye haandiki deni.

Nipe nikupe ya wataalamu, pamoja na malipo ya Kibungo, yasimama juu ya ngazi ya kwanza. Hatuidharau ngazi hiyo. Wala si halali kuiruka! Wako watu wa mjini wanaowahubiria watu wa mlimani ihsani, wakiwaambia waache kulima kwa ajili ya taifa, hali wao wenyewe hawajawatimizia hata uadilifu. Mtume Mtukufu s.a.w., katika hadithi aliyoisimulia Nuuman bin Bashir r.a. iliyomo katika Sahihi Bukhari, alitoa mfano wa watu waliopiga kura katika jahazi, wengine wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi wapite kwa wale wa juu, nao wakaona afadhali watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe ili wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakishikwa mikono, wote wataokoka. Fikiri: hao watoboaji hawakuwa maadui, bali watu wenye kiu waliochoka kuwa kero. Katika Uluguru mahali pamegeuzwa, wenye tundu wako juu na wenye kuzama wako chini, lakini jahazi ni moja. Nami nasema kwamba mwenye kuushika mkono wa mtoboaji hana budi pia kumpatia njia ya kuishi.

Lakini fedha ikikoma, au msimamizi akiwa mbali, au mnufaika akiwa bado hajazaliwa, nani atauacha ukingo wa mto? Hapo ndipo muulizaji wetu ahitajiwapo kuipima imani. Mwenye kuiamini Akhera hana raundi ya mwisho. Kila tendo lake lina kesho, na yuko Aonaye hata usiku wa hesabu za kitandani.

Huenda ukanirudi: “Basi Mwislamu naye ni mfanya biashara tu, anauza ukingo wa mto ili anunue Pepo.” Neno hilo lina uzito, nasi hatulikwepi. Mwanzoni mwa safari wengi wetu tu wafanya biashara hivyo, na Mungu kwa rehema Zake hatufukuzi dukani. Lakini hataki tubaki hapo. Ndiyo sababu ngazi ni tatu, si moja. Ansari wa Madina waliwagawia Wahajiri mali zao, na Kurani Tukufu (59:10) yawasifu kwamba waliwatanguliza wenzao hata wao wenyewe walipokuwa na shida. Hawakujua kama watalipwa, maana waliopewa walikuwa wamefika mikono mitupu.

Yako maneno mengine ya Mtume s.a.w., aliyoyapokea Anas r.a., ambayo kila mwenye kuijua hesabu ya raundi ya mwisho yafaa ayasikie. Alifundisha kwamba Kiyama ikisimama, na mmoja wenu akawa na mche mkononi, akiweza kuupanda kabla haijamkuta, basi aupande. Siku hiyo hakuna jirani wa kumlipa, hakuna mvua ya kuungojea mche, wala mtoto wa kuja kukaa kivulini mwake.