Je, Tuna Deni kwa Rafiki Tuliyesoma Naye?



Leo nina swali moja tu, nimetembea nalo zaidi ya mwaka. Hivi rafiki tuliyesoma naye zamani, ambaye leo hatuna naye shughuli yoyote, bado tuna deni kwake? Au maisha yakishampeleka kila mtu kwake, ndiyo basi tena?

Naomba nianze na kisa changu mwenyewe. Nawaambia mapema kwamba ndani ya kisa hiki mimi siyo mtu mwema.

Nilisoma sekondari ya bweni. Miaka minne nililala kitanda cha juu cha dabodeka, na chini yangu alilala kijana ambaye jina lake nitaliacha. Nitamwita "mwenzangu wa chini", kama nilivyokuwa namwita wakati ule. Tuligawana sabuni, tuligawana ndoo, na usiku wa kuamkia mtihani tuligawana hadi mwanga wa tochi. Kwetu ni mbali, kwa hiyo siku ya wazazi kutembelea shule mimi sikuwa na mtu. Baba yake alikuwa anakuja kila muhula kwa basi, amebeba hotpoti ya chapati na mfuko wa karanga za kukaanga. Kabla hajakaa vizuri anauliza, "Yule kijana wangu wa juu yuko wapi?" Nikifika namwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, nawa mikono tule." Nimekula chapati za yule mzee miaka minne. Mlishike hilo, tutalirudia.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mimi nilikwenda kidato cha tano, yeye alama hazikutosha. Alirudi kwao, akabeba mizigo sokoni, baadaye akapata bodaboda ya mtu. Miaka miwili ikapita, wenzetu wakafungua grupu la WhatsApp la darasa letu. Tulifika 41. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu: picha za zamani, majina ya utani, kile kisa cha mwalimu wa zamu na sufuria ya ukoko. Watu tulicheka hadi chaji zikaisha.

Halafu, si unajua tena, grupu likapoa. Likawa linaamka mtu akiwa na harusi au msiba. Ukawekwa utaratibu: kila tukio lina kiwango chake cha mchango, na ambaye hajatoa, jina lake linabandikwa pale watu waone. Nia ilikuwa njema, na nakiri kwamba hata mimi niliunga mkono. Mwenzangu wa chini alitoa mara ya kwanza. Mara ya pili akatoa nusu. Mara ya tatu jina lake likabandikwa na alama nyekundu. Kesho yake asubuhi ukatokea ule mstari mdogo wa kijivu, kwamba fulani ameondoka. Watu wawili wakatupia emoji za kucheka, na maongezi yakaendelea. Tulikuwa tunachagua rangi ya sare za harusi.

Mimi ule mstari niliuona. Nilikuwa seminari kuu, mwaka wa tatu wa falsafa, na wiki ileile (Mungu naye ana utani wake) nilikuwa najiandaa na mtihani wa maadili. Mada: urafiki kwa Aristotle. Nikasema moyoni, "Nitamtafuta nikimaliza mtihani." Mtihani nikafanya, nikafaulu vizuri. Kumtafuta, sikumtafuta.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe. Aristotle, katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, anasema urafiki uko wa aina tatu. Kuna wa manufaa: tunapendana kwa sababu kila mmoja anapata kitu kwa mwenzake. Kuna wa raha: tunapendana kwa sababu tukiwa pamoja tunafurahi. Na kuna wa wema: nakupenda kwa sababu ya wewe ulivyo, na ninakutakia mema kwa ajili yako. Zile aina mbili za kwanza, anasema, huvunjika kirahisi, maana manufaa yakiisha au raha ikiisha, kilichowaunganisha hakipo tena.

Mtu anaweza kusema basi swali limejibiwa. Urafiki wa shule mara nyingi ni wa raha na wa manufaa. Ulinipa noti za Jiografia, nikakupa sukari. Tukamaliza, tukaachana salama. Deni liko wapi?

Na hoja hii ina uzito, tusiidharau. Kijana mmoja niliyemshirikisha jambo hili aliniambia, "Frateri, unatupa mzigo. Nimesoma chekechea, msingi, sekondari na chuo. Simu yangu ina namba mia tano. Nikianza kumpigia kila mtu, kazi nitafanya saa ngapi?" Ana haki. Hata Aristotle mwenyewe anakubali kwamba mtu hawezi kuwa rafiki wa karibu wa watu wengi. Muda hautoshi, na moyo nao una kipimo chake.

Lakini katika kitabu cha tisa anauliza swali ambalo siku ya mtihani nililijibu kwa kalamu tu. Anasema: tuseme marafiki wawili walikua pamoja, halafu mmoja akasonga mbele na mwingine akabaki palepale, hadi hawapendi tena vitu vilevile wala hawafurahii mambo yaleyale. Je, huyu aliyesonga mbele amchukulie mwenzake kama mtu ambaye hajawahi kuwa rafiki yake kabisa? Jibu lake ni hapana. Pengine hawawezi kuishi kama zamani, lakini ule ukaribu uliokuwepo lazima ukumbukwe, na kwa ajili yake mtu anastahili kutendewa zaidi ya mgeni.

Hapo ndipo ninapoona madeni mawili tofauti. Kuna deni la ukaribu: kupigiana simu, kutembeleana, kujuana mambo ya ndani. Deni hili linaweza kuisha, na likiisha hakuna dhambi. Na kuna deni la kumbukumbu. Hili haliishi, kwa sababu rahisi tu: lililokwisha kutendeka haliwezi kutenduka. Chapati nilizokula nimezila. Hata nikiwa askofu kesho, bado ni mtoto ambaye baba wa mtu mwingine alimwambia nawa mikono tule. Kumfanya mtoto wa mzee yule kuwa mgeni kwangu ni kusema uongo juu ya maisha yangu mwenyewe.

Miezi nane baada ya ule mstari wa kijivu, nilikuwa likizo. Nashuka stendi, naita bodaboda, anageuka: ni yeye. "Frateri! Leta begi." Tukacheka, tukakumbatiana. Njiani nikauliza kama mtu asiye na hatia, "Vipi mzee, hajambo?"

Akapunguza mwendo. "Baba tulimzika. Mwezi wa nne."

Nikapiga hesabu nyuma ya pikipiki. Mwezi wa nne ndiyo ile wiki ya sare za harusi. Ile michango aliyoshindwa kutoa, fedha ilikuwa inakwenda kwenye dawa za mzee.

Nikaanza kujitetea: sikujua, simu kule tunashika kwa ruhusa, hakuna aliyeandika kwenye grupu. Akaniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, "Frateri, hela wala sikukasirika. Nilipotoka, nilikaa siku tatu nasubiri mtu mmoja tu aniulize, vipi mbona umetoka? Nilijua wewe utauliza."

Ndugu yangu, nimesomewa maonyo mengi seminarini. Hakuna lililowahi kuniingia kama hilo. Kwetu sisi kukosa harusi ya mtu kunasameheka. Kukosa msiba, tena wa mzee aliyekulisha, ni jambo jingine.

Jioni ile nilifungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 40. Mnakijua kisa. Yusufu yuko gerezani na mnyweshaji mkuu wa Farao. Wamelala chini ya paa moja, wamekula chakula kilekile kibaya (waliosoma bweni mnaelewa). Yusufu anamfasiria ndoto yake, kisha anamwomba jambo moja tu: mambo yako yakinyooka, unikumbuke. Mambo yakanyooka. Mnyweshaji akarudi kazini, na Maandiko yanasema hakumkumbuka Yusufu, alimsahau. Ikapita miaka miwili mizima.

Tazama vizuri: mnyweshaji hakumchukia Yusufu. Hakumsema vibaya wala hakumfanyia fitina. Alipata kazi tu, akawa bize. Nami niliona sura yangu kwa mtu yule. Wengi wetu hatutawasaliti marafiki zetu wa zamani. Tutakuwa bize tu, na wao watabaki gerezani.

Kwa nini basi kusahau kuwe kosa? Kichwa husahau, si kosa la mtu. Hapa Biblia inatusaidia, maana katika Biblia kukumbuka ni kutenda. Mwanzo sura ya 8, Mungu anamkumbuka Nuhu, na mara upepo unavuma juu ya nchi na maji yanaanza kupungua. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, Bwana anamkumbuka Hana, na Hana anapata mtoto. Mungu hakai akisema "daa, enzi zile za Nuhu zilikuwa tamu!" Akikumbuka, kuna kitu kinatokea kwa anayekumbukwa.

Sisi kwenye grupu tulikuwa na kumbukumbu nyingi, yaani picha kila siku ya Ijumaa. Tulikumbuka ukoko, tulikumbuka majina ya utani. Mtu mwenyewe tukamsahau, huku picha yake tunaipenda. Tulipenda utoto wetu wenyewe tukadhani tunapendana.

Na ninyi mnaokwenda Misa kila Dominika, fikirini. Kiini cha ibada yetu ni ukumbusho. Bwana aliketi mezani na wenzake waliokula naye na kutembea naye takriban miaka mitatu, akawaachia tendo la kumkumbuka yeye: mkate unaomegwa, kikombe kinachopita mkono kwa mkono. Ukumbusho unaolisha watu. Nitawezaje kupokea ukumbusho huo asubuhi, halafu mchana nipotezee ujumbe wa mtu niliyekula naye sahani moja?

Najua kuna atakayeuliza, je, nikiwa nimeshachelewa? Basi nikupe watakatifu wawili tunaowakumbuka pamoja tarehe 2 Januari, Basili Mkuu na Gregori wa Nazianzo. Walisoma pamoja Athene katika karne ya 4, wakawa marafiki wa kushibana. Lakini mwaka 372 Basili, akiwa askofu, alimteua Gregori kuwa askofu wa Sasima, mji mdogo ambao Gregori hakuutaka kabisa. Gregori aliumia, na urafiki ukaingia ufa. Basili alipofariki mwaka 379, Gregori hakuweza kufika mazishini kwa sababu alikuwa mgonjwa. Je, aliacha tu? Hapana. Miaka michache baadaye alisimama akatoa hotuba ndefu ya kumkumbuka Basili, na humo alizieleza siku zao za shule kule Athene kwa upendo mkubwa. Maumivu hakuyaficha, ila hakuyaruhusu yafute yale mema. Alichelewa, lakini alilipa.

Nami nilijaribu kulipa. Niliandika kwenye grupu ukweli wote, pamoja na sehemu yangu. Siku nzima kimya. Kisha mmoja akaandika, "Mzee wa karanga?" Kumbe hata wengine walikula. Misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, kati ya watu 41 tulifika 9. Siyo wengi. Mama alitupokea mlangoni, tukamwamkia mmojammoja, akauliza, "Yule wa juu ndiye yupi?" Sikuweza kujibu haraka.

Mwenzangu wa chini hakurudi kwenye grupu. Tulimwomba, akakataa kwa heshima, na sidhani kama tuna haki ya kumlazimisha. Ila tunaongea, na karanga sasa nanunua mimi.

Basi jibu langu ni hili. Hatuna deni la kuwa karibu na kila mtu tuliyesoma naye. Na kama kuna aliyekuumiza vibaya au aliyekuvuta kwenye maovu, unaweza kumwombea ukiwa mbali. Lakini mtu aliyetutendea mema hatuna ruhusa ya kumfanya mgeni. Ukiona kimya chake, uliza. Swali moja tu, "Vipi, mbona kimya?", halihitaji bando kubwa. Na mwenye shida asipimwe kwa mchango, maana huenda anayeshindwa kutoa ndiye anayestahili kupewa.

Wiki hii, kabla ya Dominika, kumbuka jina moja. Usitafute mia tano, tafuta moja, la yule aliyeondoka kimyakimya. Mpigie. Kama ametangulia mbele ya haki, mtajie jina lake Bwana wakati wa Misa.

Tusali: Ee Bwana Yesu, wewe uliyetuita rafiki na hukumsahau hata mmoja wetu, utukumbushe wale tuliokula nao tukawasahau. Utupe unyenyekevu wa kuuliza, na ujasiri wa kuomba msamaha. Wazee waliotulisha tukiwa wadogo, uwakaribishe mezani pako. Amina.

Frateri wenu, tuombeane.