Takwimu ni ushahidi: Nasaha kwa vijana wetu wa vyuo vikuu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, kila vyuo vinapofunguliwa wapo vijana wetu wanaoanza shahada za uchumi. Humo hukutana na masomo mawili yanayowatoa jasho: takwimu, na ekonometriki, yaani elimu ya kupima mambo ya uchumi kwa hesabu na takwimu. Sisi walimu wa dini tunapokutana nao misikitini baada ya swala, hutuuliza maswali matatu. Je, masomo haya yana nafasi gani katika Uislamu? Je, kukisia bei na mapato ya mwakani si kudai kuijua ghaibu? Na je, inafaa kusoma hesabu ambazo ndani yake mna riba? Maswali haya ni ya haki, na anayeuliza anastahiki jibu.

Tuanze na la kwanza. Kuhesabu si jambo geni katika Uislamu. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Hudhayfa (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliamuru yaandikwe majina ya wote waliotamka Uislamu, na wakaandikwa wanaume 1,500. Umar bin Khattab (r.a.) katika ukhalifa wake aliweka diwani, daftari la watu waliostahiki kupewa fungu kutoka Baitul-Mali. Karne ya 9 Al-Kindi alieleza namna ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu ni herufi ipi inajirudia zaidi. Naye Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliwakosoa wanahistoria walionukuu kwamba jeshi la Bani Israili zama za Musa (a.s.) lilikuwa na watu 600,000 au zaidi. Alihoji: kutoka Yaaqub hadi Musa (a.s.) ni vizazi vichache tu, watu wangeongezeka vipi kiasi hicho? Na jeshi kubwa namna hiyo lingepangwa vipi vitani? Huyo hakuikubali namba kwa sababu tu imeandikwa kitabuni. Aliipima.

Swali la pili ni la ghaibu. Muislamu anaamini kwamba, kama tunavyofundishwa mwisho wa Suratu Luqman, hakuna nafsi inayojua itachuma nini kesho. Lakini kukisia si kupiga ramli. Mpiga ramli husema, "Litakuwa," wala haoneshi amelipata wapi. Mtakwimu husema, "Kwa yaliyopita, na kama hali haitabadilika, tunatarajia kati ya hapa na hapa," kisha anaandika kiasi anachoweza kukosea. Mkulima anayepanda mahindi kwa kuzijua nyakati za mvua hakudai elimu ya ghaibu. Ila mtaalamu anayeficha kiasi cha kukosea kwake, akazungumza kana kwamba ameoneshwa kesho, huyo ameanza kujifananisha na kahini.

La tatu ni riba. Kilichoharamishwa ni kuila, kuilisha, kuiandika na kuishuhudia mikataba yake. Kuchunguza namna inavyowaelemea watu si kuila, kama vile daktari anavyosoma maradhi bila kuyapenda. Na nani atakayeweza kuonesha kwa hoja madhara ya riba kwa mkulima na muuza genge, ikiwa wenye uchungu na jambo hilo wameikimbia elimu ya kulipima?

Baada ya majibu hayo, liko jambo zito zaidi ambalo vijana hawaliulizi. Ndugu yangu mwanafunzi, kila namba unayoiandika ni ushahidi. Umesimama badala ya watu ambao hawapo, ukasema, "Hali yao ni hii." Allah (s.w.) katika Suratun-Nisaa aya ya 135 anatuamrisha kusimamisha uadilifu na kuwa mashahidi kwa ajili Yake, hata dhidi ya nafsi zetu. Na katika Suratul-Israa aya ya 36 anatukataza kufuata tusiyo na elimu nayo, kwani masikio, macho na moyo vitaulizwa.

Hebu tutazame. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya Tanzania Bara wa mwaka 2017/18 ulionesha kuwa asilimia 26.4 ya watu waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Watafiti hawakubisha hodi kila nyumba. Walichukua sampuli ya kaya elfu tisa na ushei, kwa hiyo kila kaya iliyohojiwa ilisimama badala ya kaya nyingine zaidi ya elfu moja. Sasa mchukue kijana aliyetumwa kukusanya taarifa, akaketi chini ya mwembe na kujaza madodoso kwa kubuni ili awahi posho. Vijana wanaliita jambo hilo "kupika data" na kulicheka. Lakini katika kazi ya namna hiyo, dodoso moja lililopikwa limewasemea uongo watu wa zaidi ya nyumba elfu, na zahanati au kisima kinaweza kupelekwa pasipostahiki. Iko tofauti gani baina yake na wale waliolaaniwa mwanzo wa Suratul-Mutaffifin, wanaopunja katika vipimo?

Upo upunjaji mwingine uliojificha zaidi. Kanuni iliyozoeleka katika takwimu huikubali hatari ya kukosea ya asilimia 5. Maana yake, ukijaribu mahusiano 20 ambayo hayana ukweli wowote, kwa wastani moja litaonekana la kweli kwa bahati tu. Mtafiti anayejaribu 20, akaficha 19 na kuchapisha hilo moja, hakuandika namba ya uongo hata moja, lakini ameshuhudia uongo.

Ekonometriki pia hutufundisha kutoharakia sababu. Tuseme imeonekana wanafunzi wa tuisheni hufaulu zaidi. Mwenye haraka atasema tuisheni ndiyo iliyowafaulisha. Lakini huenda mzazi aliyeweza kulipia tuisheni ndiye pia aliyeweza kununua vitabu, taa na mlo wa jioni. Kuzitenganisha sababu hizo ndiyo kazi kubwa ya somo hili, na ni katika kuitekeleza amri ya Suratul-Hujurat aya ya 6 ya kuchunguza habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua.

Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha kwamba nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi wao kwa wastani hupungua kwa asilimia 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliishika namba hiyo kutetea kubana matumizi ya serikali. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst aliyepewa zoezi la ekonometriki la kurudia utafiti uliokwisha chapishwa, alikuta hesabu haikubali. Aliwaomba jedwali lao la kompyuta, nao wakampa. Akakuta fomula imeziruka nchi 5. Kulikuwa na kasoro nyingine za uchaguzi wa takwimu na namna ya kupata wastani, na yeye na walimu wake waliporekebisha yote, uchumi ulionekana kukua kwa asilimia 2.2. Wenyewe waliyakubali makosa ya jedwali, ingawa waliutetea msimamo wao kuhusu madeni. Tazameni: mwanafunzi hakuogopa majina, wala hakuwatukana wakubwa. Aliomba ushahidi, akauhakiki.

Nasi Waislamu tujihesabu. Mara ngapi mimbarini tunasema "vijana wetu wengi" hivi na "familia zetu nyingi" vile, bila daftari lolote? Ni misikiti mingapi yenye orodha ya mayatima, wajane na wanaostahiki zaka katika mtaa wake? Kijana aliyesoma takwimu asingoje ajira ndipo elimu yake ifanye kazi. Aanze na kamati ya msikiti wake, ahesabu kwa haki, na aseme ukweli hata kama utawaudhi wazee wetu waliomo kwenye kamati.

Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia hazina za Misri, alitaja sifa mbili: ni mlinzi mwaminifu, na ni mjuzi. Chuo kitakupa ujuzi na cheti. Uaminifu hautolewi siku ya mahafali. Huo unauonesha pale chini ya mwembe, dodoso likiwa wazi mkononi, na hakuna akuonaye ila Allah (s.w.).

Tunamuomba Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa mashahidi wakweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.