Donge Ndani ya Friji



Vijana wenzangu, kuna swali moja linanifuata kila nikienda likizo: "Frateri, nimemaliza chuo huu mwaka wa tatu. Nimesali, nimefunga, novena nimepiga zote. Ajira hakuna. Mungu ananisubirishia nini?" Mwingine anauliza hivyo hivyo kuhusu mchumba, mwingine kuhusu wito. Leo naomba tulijibu tukiwa jikoni. Bwana wetu mwenyewe, alipotaka kueleza Ufalme wa Mungu, alimtazama mama anayechanganya chachu na unga (Mt 13:33). Basi funga aproni, tunapika bageli.

Bageli ni mkate mdogo wa mviringo wenye tundu katikati. Ukiuona kwa mbali utasema donati, ila huu haukaangwi, na ukiutafuna unavutika, meno yanafanya kazi kweli. Asili yake ni Wayahudi wa Polandi. Kanuni za jumuiya yao mjini Krakow za mwaka 1610 tayari zinautaja. Baadaye wahamiaji wakaupeleka New York na Montreal. Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Krakow kabla ya kuwa Papa, alipotembelea sinagogi la Roma mwaka 1986 aliwataja Wayahudi kuwa kama kaka zetu wakubwa. Kwa hiyo leo tunajifunza kwenye meza ya kaka mkubwa.

Mahitaji hayatishi. Unga wa ngano nusu kilo, maji ya uvuguvugu kama mililita 290, hamira kijiko kidogo kimoja, chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, sukari kijiko kikubwa kimoja. Kanda dakika kumi hadi kumi na tano. Donge liwe gumu kuliko la chapati, mikono itauma, vumilia. Liache lipumzike saa moja, gawa vipande vinane, viringisha, toboa kila kimoja kwa kidole gumba na upanue tundu. Panga kwenye sinia, funika, weka kwenye friji mpaka kesho. Kesho chemsha maji kwenye sufuria pana, tia kijiko cha asali au sukari, tumbukiza bageli dakika moja kila upande. Zitoe, nyunyiza ufuta, oka kwenye oveni nyuzi 220 kwa dakika 20 hadi 25. Huna oveni? Sufuria yenye makaa chini na juu ya mfuniko inafanya kazi, ila kaa nayo karibu.

Sasa turudi kwenye swali letu.

Kwanza, baridi. Ukifungua friji usiku, donge limekaa kimya. Ungeapa kwamba limekufa. Lakini hamira kwenye baridi hupunguza mwendo tu, haisimami. Usiku kucha wanga unavunjwa polepole kuwa sukari, na ladha inajengeka. Ladha hiyo huwezi kuipata kwa donge lililoumuliwa haraka haraka juani. Sisi tuliosoma falsafa tulifundishwa na Aristotle kwamba kitu kilicho katika uwezo bado hakijawa, lakini pia si bure kabisa. Mbegu si mti, wala si jiwe. Kijana asiye na ajira si jiwe. Yesu alikuwa na umri wa kama miaka thelathini alipoanza kazi yake hadharani (Lk 3:23). Miaka ile ya Nazareti Injili inaipita kwa mistari michache tu. Je, Mwana wa Mungu alikuwa anapoteza muda?

Ila angalia: donge linafanya kazi kwa sababu ndani yake kuna hamira. Unga na maji peke yake ukiviweka kwenye friji usiku kucha, utatoa unga na maji. Kwa hiyo jiulize: katika kusubiri kwangu, ndani kuna nini? Kuna sala, kuna ujuzi ninaojiongezea, kuna mtu ninayemhudumia? Au kuna simu tu, kutoka asubuhi hadi usiku?

Pili, kipimo. Asubuhi chukua bageli moja, iweke kwenye bakuli la maji baridi. Ikielea, iko tayari. Ikizama, iache kidogo. Lakini ukizembea ukaiacha muda mrefu mno, inavimba kupita kiasi na kunywea ikiguswa maji. Hapa nasema jambo ambalo huwa hatulisemi kanisani: kusubiri nako kuna mwisho. Wapo wanaosema "nasubiri mapenzi ya Mungu," kumbe ni woga umevaa rozari. Waisraeli walipotoka Misri walibeba unga usiotiwa chachu, maana hapakuwa na muda wa kungoja (Kut 12:39). Mungu yule yule anayesema "tulia" ndiye anayesema "ondoka." Kujua ni lipi, kunahitaji padre wako, mlezi wako, sala ya ukimya. Jipime, usijifiche.

Tatu, maji kabla ya moto. Hapa ndipo bageli inakuwa bageli. Maji yanayochemka yanaivisha wanga wa juu, linapatikana ganda linalong'aa, linaloishika bageli isivimbe ovyo ndani ya oveni. Viwanda vingi siku hizi vinaokoa muda kwa kutumia mvuke badala ya kuchemsha. Umbo linabaki, tundu lipo, lakini ukitafuna ni mkate laini tu.

Kijana, kwenye kusubiri kwako atakuja mtu na mvuke wake. "Toa kitu kidogo, nafasi ipo." Au dada yangu ataambiwa, "Tuonane hotelini tuzungumzie hiyo kazi." Umbo la mafanikio utalipata kweli: kitambulisho shingoni, mshahara. Lakini moto wa maisha ukiwaka, ganda la kukushika halipo. Ulipobatizwa ulipitishwa majini ili moto wa Roho ukukute ukiwa na umbo la Kristo. Usilibadilishe kwa njia ya mkato.

Sisemi kwamba njaa haiumi. Inauma, na jumuiya inayomwambia kijana "subiri" bila kumpa hata chakula cha mchana imemdanganya. Kwa hiyo zoezi la wiki hii: pika bageli nane. Mbili zako. Sita mpelekee mwenzako anayesubiri, ukae naye, mle pamoja.

Tusali: Ee Bwana, uliyekaa kimya Nazareti, utufundishe kuiva bila kuoza. Utupe kutambua saa ya kungoja na saa ya kuondoka, na utulinde na mlango usio wako. Amina.

Milele na milele, tuko pamoja.