Amana ya Kidonge

Wenye hekima wamebishana tangu kale kama kufuli humfanya mtu kuwa mwaminifu au humzuia tu asiidhihirishe khiyana iliyo moyoni mwake. Na swali hilo, ambalo zamani lilikuwa la milango na masanduku ya fedha, leo limeingia katika kitu kidogo kikaacho mfukoni mwa mgonjwa, nacho ni ile karatasi ya vidonge ambayo upande mmoja ni plastiki iliyofinyangwa kwa joto na upande wa pili utando mwembamba wa alumini, na kila kidonge kimo chumbani mwake peke yake, hakiguswi na unyevu wala mkono mpaka saa ya kumezwa.

Fadhila za karatasi hiyo ni dhahiri kwa kila aliyewahi kuona vidonge vikimiminwa kutoka kwenye kopo, vikahesabiwa juu ya meza na kutiwa katika bahasha iliyoandikwa moja kutwa mara tatu, kisha bahasha ikalowa jasho na vidonge vikageuka unga. Katika nchi ya Mbulu na Hanang, ambako Wairaki hulima na Wabarabaig hufuata maji na malisho pamoja na ng'ombe wao, fadhila hizo huzidi; kwani hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ingawa imewafaa sana watu wa pande hizo, haiwezi kumfuata mchungaji wa Getanuwas, huko Hanang, kila anapohamisha zizi, na kwa hiyo dawa yake haina budi kustahimili jua, vumbi na safari kama anavyostahimili yeye mwenyewe.

Lakini tuitazame dawa ya mseto ya malaria, tuone mahali uwezo wa karatasi unapokoma. Mtu mzima hupewa vidonge 24, vinne kwa mara moja, mara mbili kwa siku, kwa muda wa siku tatu. Aghalabu homa hupoa kabla ya vidonge kwisha, na hapo ndipo mtihani unapoanza, maana mgonjwa amekwisha kujiona mzima na safu zilizobaki zingali mkononi mwake. Akija jirani amembeba mtoto anayetetemeka, je, amkatie safu moja? Huruma yamwambia ampe, na katika jamii iliyolelewa kugawana maziwa na maji, kumnyima jirani ni aibu kubwa. Insafu yamwambia kwamba safu ile ni haki ya ugonjwa wake mwenyewe, kwamba kipimo cha mtu mzima sicho kipimo cha mtoto, na kwamba vimelea vilivyoonjeshwa dawa pungufu huweza kujifunza kuishinda, hata madhara yakawafikia watu ambao hawakuwahi kulionja tone la huruma ile. Naamini kwamba huruma iliyo kamili hapo ni kumsindikiza jirani na mtoto wake mpaka zahanati usiku uleule. Kumkatia vidonge ni njia nyepesi tu ya kujiona mwema.

Kwa kifua kikuu mtihani ni mrefu zaidi, kwa kuwa tiba yake ya kawaida ni ya miezi sita. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1977 kwa msaada wa tabibu Karel Styblo, ulikuwa kielelezo kwa mataifa mengi, na miongoni mwa nguzo za mtindo huo ni mgonjwa kumeza dawa mbele ya mtu mwingine. Sasa jicho la mtu limeanza kupokewa na jicho la kifungashio: huko India vidonge vimefunikwa kwa karatasi inayoficha namba ya simu, ambayo mgonjwa huiona akikisukuma kidonge nje na kuipiga bure, na hapa Tanzania pia visanduku vinavyoweka kumbukumbu ya kila kufunguliwa vimekwisha kujaribiwa.

Sikatai kwamba tadbiri hizi zina manufaa, maana muuguzi akijua mapema ni nani aliyekatiza dawa huweza kumtafuta kabla hali haijaharibika. Hata hivyo kifungashio huona tundu likipasuka, hakioni koo likimeza. Qurani yasimulia kwamba mbingu, ardhi na milima vilitolewa amana vikakataa kuibeba, na mwanadamu akaibeba. Basi mzigo ulioogopwa na milima hatuwezi kuutua juu ya kipande cha alumini. Khabari za kisanduku zikitumika kumzuru mgonjwa ni rehema. Zikitumika kumlaumu ni upelelezi, na mtu anayepelelezwa hujifunza hila kabla ya kujifunza utii.

Iko amana nyingine, nayo ni ya ardhi. Plastiki na alumini zilizogandamana ni taabu kutenganishwa, haziozi, na hubaki shimoni au malishoni muda mrefu baada ya mgonjwa kupona. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019 ilivisamehe vifungashio vya matibabu, na ilikuwa haki kuvisamehe. Lakini msamaha si ruhusa ya milele, na watengenezaji ambao wameanza kufanya karatasi za malighafi ya aina moja tu, zinazoweza kuyeyushwa na kutumika tena, wastahili kuigwa.

Na lipo la karibu zaidi. Muuza duka mwenye mteja wa shilingi chache huchukua mkasi akakata vidonge viwili, na tarehe ya mwisho wa matumizi, iliyopigwa chapa kwenye ukingo mmoja, ikabaki dukani. Kifungashio cha kesho na kiandikwe tarehe juu ya kila chumba, ili maskini anunuaye kidonge kimoja apate haki sawa na tajiri anunuaye paketi. Nawe msomaji, ukikatiwa dawa, dai kuiona tarehe yake. Na ukipewa kipimo kamili, kimalize, hata kama hakuna akuonaye.